Kusoma Falsafa kama Somo Kuu la Shahada: Nafasi ya Kiswahili katika Ujenzi wa Hoja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana na thamani ya kusoma falsafa kama somo kuu katika shahada ya kwanza, kwa kurejelea mazingira ya vyuo vikuu vya Tanzania, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza ilhali wanafunzi wengi hufikiri na kujadiliana kwa Kiswahili. Kwa kutumia mbinu ya uchambuzi wa dhana, makala yanachunguza maneno matatu ya Kiswahili, yaani sababu, haki na kuwapo, pamoja na muundo wa ukanushi, ili kuonesha mahali ambapo hoja ya mwanafunzi huweza kuteleza pasipo yeye kujua. Makala yanabainisha kwamba stadi kuu anayoipata mhitimu wa falsafa ni uwezo wa kutofautisha mambo yanayofanana na kupima kama hitimisho linatokana na kauli zilizolitangulia. Yanahitimisha kwamba stadi hiyo haikamiliki iwapo mwanafunzi hajaizoeza katika lugha anayofikiria, na kwamba Kiswahili kinastahili kuwa chombo cha kazi katika darasa la falsafa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayechagua kusoma falsafa kama somo lake kuu hukutana na swali moja kabla hajafungua kitabu chochote. Swali hilo huulizwa na wazazi, ndugu na majirani: ukimaliza, utafanya kazi gani? Baba mzazi wa mwandishi wa makala haya aliliuliza kwa namna yake. Alisema kwamba aliyesoma udaktari huitwa daktari, aliyesoma sheria huitwa wakili, na aliyesoma ualimu huitwa mwalimu. Kisha akauliza, “Wewe mwanangu, ukirudi hapa nyumbani utaitwa nani?” Mwandishi hakuwa na jibu, na mzee hakulirudia swali lake.

Swali hilo lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, falsafa haimo miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika shule za sekondari nchini Tanzania. Kutokana na hali hiyo, mwanafunzi hufika chuoni akiwa hajawahi kuisoma, na akihitimu hawezi kuajiriwa kulifundisha somo hilo katika shule hizo. Nchini Ufaransa hali ni tofauti, kwani falsafa ni sehemu ya masomo ya mwaka wa mwisho wa sekondari na hutahiniwa katika mtihani wa kuhitimu. Pili, wanafunzi wengi wa elimu ya juu nchini hutegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wake hadi deni liishe. Anayechagua falsafa huchagua somo na deni kwa wakati mmoja, na jamaa zake wana haki ya kuuliza analipia nini.

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni mawili. Jibu la kwanza husema kwamba falsafa ni mama wa elimu zote, kwa hiyo haihitaji kutetewa. Jibu la pili husema kwamba falsafa humfunza mtu kufikiri kwa kina. Makala haya yanaona kwamba jibu la kwanza ni sifa tu, na jibu la pili ni la kweli lakini halijakamilika. Halielezi kufikiri huko kunafundishwaje, wala kunafanyika katika lugha gani. Lengo la makala haya ni kulikamilisha jibu hilo la pili.

2.0 Usuli: Falsafa kama Somo la Chuo

Istilahi za msingi za taaluma hii si ngeni katika Kiswahili. Neno falsafa lina asili ya Kiyunani na liliingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu. Vilevile, maneno mantiki, hoja, hekima na dhana yana asili ya Kiarabu na yametumika kwa muda mrefu katika mazungumzo ya dini, sheria na ushairi wa pwani. Kresse (2007), katika utafiti wake uliofanyika Mombasa, ameonesha kwamba mijadala ya kifalsafa huendelea katika jamii ya Waswahili nje kabisa ya kuta za chuo kikuu, kupitia mashairi, mihadhara na mazungumzo ya barazani.

Falsafa kama somo la darasani, hata hivyo, ina historia nyingine. Katika Afrika Mashariki, mojawapo ya njia kuu zilizoiingiza ni seminari kuu za Kanisa Katoliki, zikiwamo za Ntungamo na Kibosho nchini Tanzania. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 250, inamtaka mwandaliwa wa upadri asome kwa miaka isiyopungua 6, na miaka 2 kati ya hiyo ni ya falsafa. Ndiyo maana hadi leo wapo watu wanaodhani kwamba asomaye falsafa anajiandaa kuwa padri.

Njia ya pili ni vyuo vikuu vya umma. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwanafalsafa Henry Odera Oruka (1944–1995). Oruka alikwenda Uppsala, nchini Sweden, kusoma masomo ya sayansi, lakini akavutwa na falsafa, na baadaye akaiendeleza katika Chuo Kikuu cha Wayne State nchini Marekani. Aliporejea Nairobi alianzisha mradi wa falsafa ya wahenga, ambao matokeo yake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1990. Katika mradi huo, Oruka aliwahoji wazee wanaotambuliwa na jamii zao kuwa na hekima, miongoni mwao akiwamo baba yake mwenyewe, Mzee Oruka Rang’inya. Aliwatofautisha wale wanaohifadhi na kueleza mapokeo na wale wanaoyahoji mapokeo hayo kwa hoja zao wenyewe. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa.

Tofauti hiyo ya Oruka ni ya msingi katika makala haya. Kinachomfanya mtu awe mwanafalsafa si kuyajua mengi yaliyosemwa kabla yake, ni kuyapima. Shahada ya falsafa, kwa mantiki hiyo, ni mafunzo ya upimaji.

3.0 Mwanafunzi wa Falsafa Hujifunza Nini?

Kwa kawaida, programu ya shahada ya kwanza ya falsafa hugusa matawi manne. Metafizikia huchunguza kilichopo na namna kilivyo. Epistemolojia huchunguza maarifa: ni nini kujua, na tunajuaje. Maadili huchunguza lililo jema na lililo wajibu. Mantiki huchunguza uhusiano kati ya kauli za msingi na hitimisho. Juu ya matawi hayo huongezwa historia ya falsafa, falsafa ya Kiafrika, falsafa ya siasa, na nyinginezo kulingana na chuo.

Orodha hiyo haielezi kazi yenyewe. Ili kuieleza, tuchukue mfano. Tangu mazungumzo ya Plato yaitwayo Theaetetus, wanafalsafa wamejadili wazo kwamba kujua ni kuamini jambo lililo kweli, tena kwa uthibitisho. Mwaka 1963, Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa 3 tu yaliyotilia shaka wazo hilo. Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata muundo wa hoja yake.

Asha anarudi kutoka kisimani. Kwa mbali anaiona pikipiki nyekundu imeegeshwa mbele ya nyumba yao, sawa kabisa na ya kaka yake. Anaamini kwamba kaka yake amewasili. Kumbe pikipiki ile ni ya jirani. Hata hivyo, kaka yake amewasili kweli. Alikuja kwa daladala, naye yumo ndani anakunywa chai. Imani ya Asha ni ya kweli. Aidha, alikuwa na uthibitisho wa kutosha wa kuiamini. Je, Asha alijua kwamba kaka yake amewasili?

Wanafunzi wengi hujibu kwamba hakujua, alibahatisha. Wakishajibu hivyo, kazi ya falsafa ndiyo kwanza inaanza. Ni lazima waseme kilichopungua ni nini. Atakayesema kwamba uthibitisho wa Asha ulikuwa dhaifu, ataulizwa iwapo kwa kiwango hicho yupo mtu yeyote anayejua jambo lolote. Atakayesema kwamba uthibitisho lazima utokane na jambo lenyewe linaloaminiwa, ataulizwa kuhusu maarifa ya hisabati, au ya mambo yatakayotokea kesho. Kila jibu hupimwa kwa mfano mpya, na kila mfano hulazimisha jibu lirekebishwe.

Zoezi hili hufunza mambo matatu. Mwanafunzi hujifunza kusema anachokiamini kwa usahihi kiasi cha kuweza kupingwa. Hujifunza kutafuta yeye mwenyewe mfano unaoweza kuibomoa kauli yake. Hatimaye, hujifunza kuiacha kauli hiyo iwapo imebomoka. Stadi hizo zinahitajika mahakamani, bungeni, katika chumba cha habari na katika kamati ya maadili ya hospitali. Hazina jina la kazi moja, na hapo ndipo lilipo tatizo la mhitimu anapotafuta ajira.

4.0 Lugha ya Kufikiri na Lugha ya Kujibia Mtihani

Mfano wa Asha umeandikwa hapa kwa Kiswahili na unaeleweka pasipo shida. Katika chumba cha mtihani, mwanafunzi wa Tanzania hutakiwa kuujadili kwa Kiingereza. Huanza kufikiri kwa lugha moja na kumalizia kwa nyingine. Katika masomo mengi mpito huo huathiri ufasaha wa maelezo. Katika falsafa huathiri hoja yenyewe, kwa kuwa hoja ya kifalsafa hutegemea mipaka ya maana za maneno, na mipaka hiyo haifanani baina ya lugha. Sehemu hii inachambua mifano minne.

4.1 Sababu

Mwandishi wa makala haya, akiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, aliandika insha kuhusu imani zinazotokana na mapokeo. Alieleza kwamba wavuvi huamini dalili fulani za mvua kwa sababu wazee wao waliwafundisha, na kutokana na hilo akahitimisha kwamba wavuvi hao wana sababu nzuri ya kuamini. Insha ilirudi na alama ndogo. Pembeni mtahini alikuwa ameandika kwamba mambo mawili tofauti yamechanganywa kana kwamba ni jambo moja. Mwandishi alipoyatafuta katika kamusi maneno mawili ya Kiingereza aliyoyatumia mtahini, aliyakuta yote mawili yamefasiriwa kwa neno sababu. Kwa siku kadhaa aliamini kwamba hana uwezo wa kusoma falsafa, na alikaribia kubadilisha somo.

Suluhu ilipatikana katika kikundi cha kujisomea, ambacho kilijadiliana kwa Kiswahili. Mwenzake mmoja alimsikiliza, kisha akamuuliza, “Sababu ipi? Iliyomfanya mvuvi aamini, au inayotupa sisi haki ya kukubaliana naye?” Swali hilo lilitosha. Kufundishwa na mzee ndicho chanzo cha imani. Kinaeleza imani ilivyoingia akilini. Kwamba dalili ile imefuatwa na mvua mara nyingi ndiyo hoja ya imani. Inaeleza kwa nini imani ile inastahili kukubaliwa. Mtu anaweza kuwa na chanzo bila hoja, kama ilivyo kwa uvumi. Anaweza pia kuzaliwa na chanzo kibaya na baadaye akapata hoja nzuri.

Tukio hilo linaonesha mambo mawili. Neno sababu hubeba maana zote mbili, na mwanafunzi asiyeonywa huvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kuhisi. Papo hapo, Kiswahili kina uwezo kamili wa kuzitenganisha maana hizo. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza. Ikumbukwe pia kwamba kiunganishi cha Kiingereza kinacholingana na “kwa sababu” nacho hubeba maana zote mbili. Mtego huo upo katika lugha zote mbili, lakini mwanafunzi aliyeonywa kwa lugha moja tu huweza kunaswa katika ile nyingine.

4.2 Haki

Katika falsafa ya siasa, dhana mbili hutenganishwa. Moja ni stahili anayoweza mtu kuidai, kama haki ya kupiga kura. Nyingine ni sifa ya mpangilio wa jamii au ya tabia ya mtu, kama tunaposema kwamba hakimu ametenda haki. Neno haki hutumika kwa zote mbili.

Tofauti hii hujitokeza waziwazi katika kusoma Jamhuri ya Plato. Humo, Plato anadai kwamba sifa inayoufanya mji uwe mwema hupatikana pia katika nafsi ya mtu, pale kila sehemu ya nafsi inapofanya kazi yake. Mwanafunzi akiifasiri sifa hiyo kuwa “haki ya nafsi,” msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba ipo stahili ambayo nafsi inaidai. Maana ya Plato itakuwa imepotea. Akiifasiri kuwa “uadilifu wa nafsi,” maana itahifadhika, lakini atapaswa kueleza kwa nini mji nao uitwe mwadilifu ilhali kwa mazoea tunasema mji wenye haki. Kwa vyovyote vile, mfasiri atakuwa amelazimika kuuliza swali ambalo ndilo kiini cha kitabu: je, sifa ya mji na sifa ya mtu ni sifa moja?

4.3 Kuwapo

Kiswahili hutofautisha kati ya “ni,” inayounganisha kitu na sifa yake, na viambishi vya mahali -po, -ko na -mo, vinavyoeleza kuwapo. Tunasema “Asha ni mwalimu,” lakini “Asha yupo.” Katika mfano wa pili, msikilizaji anaweza kuuliza kwa haki kabisa, “Yupo wapi?”

Suala hili lina historia katika falsafa ya Kiafrika. Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956, alichunguza namna lugha ya Kinyarwanda inavyoyagawa mambo yaliyopo, na akaona kwamba katika lugha za Kibantu kuwapo huelezwa pamoja na mahali. Kwasi Wiredu wa Ghana naye alieleza hali kama hiyo katika lugha ya Kiakani, na akaitumia kuihoji kauli ya Descartes kwamba tendo la kufikiri humthibitishia mwenye kufikiri kuwa yupo, hata kama hana mwili wala mahali. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuirudia kazi hiyo mwenyewe. Je, “nipo” ya Descartes ni ya mahali, au -po hapa imeshaachana na mahali, kama inavyoonekana katika usemi “Mungu yupo”? Usemi huu wa mwisho unaonesha kwamba jambo hili halijibiwi kwa kutazama umbo la neno peke yake. Linahitaji hoja.

4.4 Ukanushi

Mfano wa mwisho unatokana na mantiki. Tangu Aristotle, wanafunzi wa mantiki hufundishwa kwamba kauli inayokanusha “Wanafunzi wote walifaulu” ni ile inayosema kwamba angalau mmoja hakufaulu. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, husikika kauli “Wanafunzi wote hawakufaulu.” Baadhi ya wasikilizaji huielewa kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu, wengine huielewa kwamba wapo waliofaulu na wapo walioshindwa. Kauli “Si wanafunzi wote waliofaulu” na “Hakuna mwanafunzi aliyefaulu” huondoa utata huo kabisa.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mkataba, taarifa ya polisi au tangazo la matokeo linaloandikwa kwa kauli ya kwanza huweza kuzua mgogoro. Mhitimu wa falsafa aliyezoezwa kuuona utata huu katika Kiswahili ana ujuzi ambao ofisi nyingi zinauhitaji, kwa kuwa shughuli nyingi za umma nchini huendeshwa kwa Kiswahili.

5.0 Pingamizi na Majibu

Msimamo wa makala haya unaweza kupingwa kwa namna tatu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za falsafa. Jibu ni kwamba hakuna lugha iliyozaliwa nazo. Cicero alilazimika kuunda maneno ya Kilatini ili kueleza falsafa ya Wayunani. Katika karne ya 9, wafasiri wa Baghdad, akiwamo Hunayn ibn Ishaq, walifanya kazi kama hiyo kwa Kiarabu. Katika karne ya 18, Christian Wolff aliandika falsafa kwa Kijerumani wakati ambapo Kilatini ndiyo iliyokuwa lugha ya vyuo. Istilahi hutokana na kazi ya falsafa. Anayesubiri zikamilike ndipo aanze kazi hiyo hataianza kamwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba kuchambua maneno ya lugha ya Kiafrika ni kurudi katika mtazamo wa Placide Tempels, ambaye mwaka 1945 alidai kueleza falsafa ya Wabantu wote kana kwamba ni imani moja iliyofichika katika fikra na mila zao. Paulin Hountondji aliukosoa vikali mtazamo huo, akisisitiza kwamba falsafa ni kazi ya watu mahususi wanaowajibika kwa hoja zao. Makala haya yanakubaliana na Hountondji. Neno kuwa na maana mbili si nadharia, wala si ushahidi kwamba wazungumzaji wake wameshindwa kuzitofautisha. Mfano wa kikundi cha kujisomea umeonesha kinyume chake. Uchambuzi wa maneno unaopendekezwa hapa haudai kuieleza falsafa ya Waswahili. Unabainisha mahali ambapo hoja ya mtu mmoja, akiwamo mtafiti mwenyewe, inaweza kuvunjika. Wiredu (1996) ameeleza vema kwamba kuzipima dhana za kigeni katika lugha zetu kunakwenda sambamba na kuzipima dhana zetu wenyewe.

Pingamizi la tatu ni kwamba mwanafunzi atakayesoma falsafa kwa Kiswahili atatengwa na taaluma ya ulimwengu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama pendekezo lingekuwa kuiondoa lugha ya Kiingereza. Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa Axim katika pwani ya Ghana ya leo mwanzoni mwa karne ya 18 na kufundisha falsafa katika vyuo vya Halle na Jena, aliandika tasnifu zake kwa Kilatini, na bila lugha hiyo kazi yake isingefahamika. Anayehitaji kusomwa mbali lazima ajue lugha ya mbali. Linalopingwa hapa ni mwanafunzi kuijua lugha hiyo peke yake, na kuifanya lugha ya nyumbani kwao iwe ya salamu tu.

6.0 Matini za Kiswahili katika Darasa la Falsafa

Hoja iliyotangulia ingebaki nadharia tupu kama pasingekuwa na matini za kufundishia. Matini hizo zipo. Mfano mmoja unatosha kuonesha namna zinavyoweza kutumika.

Katika Utetezi wa Sokrate, Plato anasimulia namna mwalimu wake alivyosimama mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 KK, akishtakiwa kwa kupotosha vijana na kutoiheshimu miungu ya mji. Katika riwaya ya Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamsimamisha Karama mbele ya baraza la mfalme, akishtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Washtakiwa wote wawili wanashtakiwa kwa kufundisha. Wote wawili wanageuza utetezi wao kuwa mashtaka dhidi ya nchi iliyowashtaki. Hata hivyo, wanatofautiana katika mbinu. Sokrate huwahoji washtaki wake hadi wajipinge wenyewe. Karama husimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa, na wakatupwa gerezani. Sokrate anahukumiwa kifo. Karama anaachiwa huru pamoja na wafungwa.

Maswali ya kifalsafa yanajitokeza yenyewe. Je, simulizi inaweza kuwa hoja, au ni kishawishi tu? Mifano 6 inatosha kuthibitisha kauli ya jumla kuhusu nchi nzima? Baraza lililoshawishika lilipewa hoja, au lilipewa chanzo cha kubadilisha imani, kwa maana iliyoelezwa katika sehemu ya 4.1? Mwanafunzi aliyeisoma Kusadikika huingia katika mjadala huu bila kigugumizi, na anaporejea kwa Plato humsoma kwa macho mapya. Kazi za Euphrase Kezilahabi, hususan Nagona (1990) na Mzingile (1991), zinaweza kutumika vivyo hivyo katika mada za ukweli na kuwapo, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1985 yenyewe ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamefafanua kwamba kusoma falsafa kama somo kuu ni kujifunza kutofautisha na kupima. Yameonesha pia kwamba kazi hiyo hufanyika ndani ya lugha, na kwamba mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza hukabiliwa na mitego ambayo mafunzo ya lugha moja hayawezi kuiondoa.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne. Mosi, kozi ya mantiki iwe na mazoezi ya sentensi za Kiswahili, hasa katika ukanushi na viunganishi. Pili, mijadala ya semina iruhusiwe kufanyika kwa Kiswahili hata pale ambapo mtihani hujibiwa kwa Kiingereza. Tatu, kila insha ya mwaka wa mwisho iwe na sehemu ambamo mwanafunzi anaieleza dhana yake kuu kwa Kiswahili na kutetea uteuzi wa neno alilolitumia. Nne, watafiti wa falsafa na wa isimu washirikiane kuandaa faharasa ya istilahi yenye mifano ya matumizi, kwani orodha ya visawe pekee haitoshi. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu istilahi za epistemolojia, hususan mipaka ya maana kati ya kujua, kufahamu, kuelewa na kutambua.

Mapendekezo haya hayatampa mhitimu jina la kazi. Ajira yake itaendelea kutegemea soko, na itakuwa udanganyifu kuwaahidi vijana vinginevyo. Hata hivyo, yatamwezesha kuitumia elimu yake mahali pale alipoulizwa swali la kwanza. Miaka kadhaa baada ya kuhitimu, mwandishi aliketi na baba yake pamoja na wazee wa ukoo katika kikao cha mgogoro wa shamba. Mmoja wa ndugu alisema kwamba ana haki ya shamba lile kwa sababu amelilima muda mrefu. Mwandishi aliomba ruhusa ya wazee, kisha akauliza kama kulilima muda mrefu ndiko kulikompa shamba lile, au kunaeleza tu kwa nini amelizoea. Kikao kilinyamaza kidogo, na mazungumzo yakaanza upya kutoka hapo. Njiani kurudi nyumbani baba hakuzungumzia jina. Aliuliza kama swali lile lilikuwa limetoka katika vitabu vya Kiingereza. Mwandishi alimjibu kwamba vitabu vilimfundisha kuuliza, bali swali lenyewe lilikuwa la Kiswahili.